Barua za babu aliyekuwa Keya, na shilingi 15 za Agosti 1953

*Habari za kazi. Mama yangu alifariki mwaka jana, na ndani ya sanduku lake la bati tumekuta barua zaidi ya thelathini ambazo babu, yaani baba yake, alimwandikia nyanya kati ya 1952 na 1955. Babu alikuwa ofisa wa Keya (K.A.R., yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) wakati wa vita vya Mau Mau. Kwetu ni Machakos. Nimezisoma zote na hakuna vita ndani yake: ni salamu, mbuzi, karo ya mjomba na paa la nyumba linalovuja. Ila barua moja ya Agosti 1953 inasema ametuma shilingi 15 "juu ya zile za kila mwezi, ni zawadi ya bwana mkubwa wa kombania". Nilisoma mahali kwamba kuna ofisa aliyelipa shilingi 5 kwa kila mtu aliyeuawa. Tano mara tatu ni 15. Barua nyingine, ya Mei 1954, inasema tu "sasa tuko mjini, kazi ni ya barabarani usiku na mchana". Kwenye bahasha nambari iliyo mbele ya herufi K.A.R. imefutika. Mwandiko unabadilika, na mjomba anasema nyingine si za babu, tena anataka tuzichome zote. Binti yangu anataka tuzipige lamineti na kuziweka Facebook. Mume wangu ni Mkikuyu, na baba yake alizuiliwa katika kambi ya Manyani. Babu yangu alikuwa muuaji? Nifanye nini na barua hizi?*

Pole sana kwa msiba wa mama. Nitaanza na hizo shilingi 15, maana naona ndizo zilizokukosesha usingizi.

Ulichokisoma si uvumi. Novemba 1953, ofisa Mwingereza aliyekuwa akitumikia batalioni ya 5 ya Keya, Gerald Griffiths, alishtakiwa kwa mauaji mbele ya mahakama ya kijeshi. Ushahidi uliotolewa pale ulisema kwamba aliwaahidi askari wake shilingi 5 kwa kila Mau Mau watakayemuua. Kwa shtaka la mauaji aliachiliwa. Mwaka uliofuata alirudishwa mahakamani kwa kuwatesa wafungwa, akatiwa hatiani na kufungwa miaka 5. Batalioni hiyohiyo, Juni 1953, iliua watu wapatao ishirini karibu na Chuka, na wengi wao hawakuwa Mau Mau hata kidogo, walikuwa Homugadi, yaani walinzi wa vijiji wa upande wa serikali. Siku chache baadaye, tarehe 23 Juni, Jenerali George Erskine, aliyekuwa amewasili mwezi huohuo kushika uongozi wa jeshi, aliwaandikia maofisa wote amri kwamba hatavumilia watu kutendewa isivyo haki. Desemba ikaundwa tume chini ya Luteni Jenerali McLean, ikachunguza pamoja na mengine habari za zawadi za fedha na mashindano ya vikosi kuhesabu waliowaua. Kwa sehemu kubwa tume ililisafisha jeshi. Wanahistoria waliokuja baadaye hawakuridhika na usafi huo.

Kwa hiyo swali lako si la kipuuzi, na sitakutuliza kwa maneno matamu. Maneno "zawadi ya bwana mkubwa wa kombania", mwaka 1953, mwezi Agosti, yangenishtua hata mimi.

Lakini tazama umbali uliopo kati ya barua na hesabu yako. Kwanza hatujui batalioni. Wakati wa Hali ya Hatari zilitumika batalioni kadhaa za Keya kutoka Kenya, Uganda na Tanganyika, na kila moja ilikuwa na kombania zake, kila kombania na mkubwa wake. Ushahidi wa shilingi 5 unamhusu ofisa mmoja katika kikosi chake. Pili, fedha ya ziada ndani ya kombania ingeweza kuwa ya shabaha, ya michezo, ya bunduki iliyokamatwa, au ya kazi ambayo hakuna hata mmoja wetu angeifikiria leo. Tatu, 15 hugawanyika kwa 5, ndiyo, na vilevile hugawanyika kwa 3, na huenda haikuwa ya kugawanywa kabisa. Kilicho mkononi mwako ni kidokezo. Kina thamani, na hakipaswi kufichwa, lakini mtu hahukumiwi kwa kidokezo, awe hai au kaburini.

Cha kufanya ni kuitafuta ile nambari iliyofutika. Zima taa za chumbani, weka bahasha juu ya meza, kisha washa tochi ya simu ukiilaza karibu na meza ili mwanga upite juu ya karatasi kwa mshazari. Kalamu huacha mfereji hata pale wino ulipopauka, na kwa mwanga wa namna hiyo mfereji hutoa kivuli. Piga picha kadhaa, ukizunguka na tochi kila upande. Ukifika nyumbani kwa mjomba, uliza pia kama medali ya babu ipo. Waliotumika katika vita vile walistahili Medali ya Utumishi wa Afrika yenye kipande cha juu kilichoandikwa "Kenya", na kwenye ukingo wa medali, pale pembeni ambapo watu hawaangalii, huchongwa nambari ya askari, cheo, jina na kikosi. Nimeona familia zikibishana miaka juu ya jambo ambalo jibu lake lilikuwa limechongwa kwenye ukingo wa medali iliyofungwa kwenye kitambaa kabatini.

Huo ukingo utakusaidia pia katika jambo la cheo. Unamwita babu ofisa. Naelewa, ndivyo familia nyingi zinavyosema, lakini katika miaka ile ya barua Mwafrika hakuwa akipewa kamisheni katika Keya. Maofisa walikuwa Waingereza. Mwafrika aliweza kupanda hadi sajini, sajini meja, hadi kuongoza platuni, lakini bado akiwa chini ya luteni aliyetoka shule juzi. Cheo cha efendi kilirudishwa baadaye katika miaka hiyo ya 1950 kama ngazi ya katikati. Mfano ambao kila mtu anaujua ni Idi Amin wa batalioni ya 4: alipata uefendi mwaka 1959 na uluteni mwaka 1961, uhuru ukiwa mlangoni. Inawezekana kabisa babu yako alifika kwenye uefendi baada ya barua hizi, na ndicho cheo kilichobaki midomoni mwa watu. Mwaka 1953, hata hivyo, hakuwa yeye aliyepanga operesheni wala aliyepanga zawadi. Sisemi hivyo ili kumtoa katika hesabu. Sajini aliyewaongoza watu msituni alikuwa na mikono yake na sauti yake. Nasema ili umweke mahali pake pa kweli unapomuuliza maswali.

Sasa nije kwenye kimya chenyewe, maana hapa naona umeingia kwenye mtego ambao wengi huingia. Unaona barua zimejaa mbuzi na paa, halafu unasema moyoni: alikuwa anaficha. Mjomba anaona mwandiko umebadilika na kusema: hizi si zake. Yote mawili yanatokana na kudhani kwamba barua ya askari wa Keya ilikuwa jambo la siri kati ya watu wawili. Haikuwa.

Fikiria safari yake. Babu, kama hakuwa mwepesi wa kalamu, alikaa na mwenzake anayejua kuandika, au karani, akamtamkia maneno. Mwenzake akihamishwa, barua inayofuata inakuja kwa mwandiko mwingine. Lugha ni Kiswahili cha Keya ingawa nyumbani mnasema Kikamba, kwa sababu ndiyo lugha iliyokuwa ikiandikwa kambini. Upande wa pili, nyanya alisomewa. Nani alisoma? Mara nyingi katekista, mwalimu, au kijana wa darasa la nne wa jirani, huku shangazi na majirani wameketi hapo hapo wakisubiri kutajwa kwenye salamu. Zaidi ya hayo, askari wa Keya walishazoea tangu Vita Kuu ya Pili kwamba barua zao hufunguliwa. Walipokuwa Ceylon na Burma, wakaguzi wa jeshi walizisoma na kuandika muhtasari wa manung'uniko yao kwa wakubwa. Wengi wa wenye vyeo wa mwaka 1953 walikuwa wamepitia huko. Mtu anayejua kwamba maneno yake yatapita kwa karani, pengine kwa ofisa, kisha kwa katekista na baraza zima la majirani, ataandika nini? Ataandika "mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwenu mlio mbali na upeo wa macho yangu", kisha ataulizia mbuzi.

Linganisha na mtu aliyekuwa na uhuru wa kuandika. Erskine, yule jenerali, alimwandikia mkewe mara kwa mara kutoka Nairobi, na barua hizo leo zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya vita la Imperial War Museum, London. Hakuna aliyemsimamia begani. Basi alimwaga yote: aliwadharau masetla wa Kenya, akamwandikia mkewe kwamba anawachukia karibu wote na kwamba hataki kumwona tena mmoja wao. Huyu ni mtu ambaye alitembea na barua ya Churchill inayomruhusu kutangaza utawala wa kijeshi, ameiweka ndani ya kasha la miwani, na inasemwa kwamba masetla walipomsumbua alilifungua na kulifunga kasha lile kwa mlio, wakanyamaza. Barua za jenerali kwa mkewe ni hazina kwa mwanahistoria. Lakini usidhani yeye alikuwa mkweli zaidi ya babu yako. Alikuwa na faragha zaidi, basi. Na hata pamoja na faragha hiyo, hasira yake kwa masetla inajaza nafasi kubwa zaidi kuliko Wakikuyu waliokuwa wakifagiliwa kwa amri zake.

Kisha mtazame aliyekuwa upande wa pili kabisa. Usiku wa kuamkia 18 Februari 1957, Dedan Kimathi, aliyejiita Fildi Mashali wa jeshi la msituni, alichukua penseli katika gereza la Kamiti na kumwandikia Padri Marino wa misheni ya Kikatoliki ya Nyeri. Asubuhi alinyongwa. Ungetarajia nini humo? Ardhi, uhuru, laana kwa Gavana Baring? Aliomba mwanawe apelekwe shule mapema. Aliomba mama yake, aliyekuwa mzee sana, atembelewe na kufarijiwa. Alieleza kwamba mkewe yuko kizuizini hapo hapo Kamiti, na kwamba masista wamliwaze kwa sababu ni mpweke. Karo, mama, mke. Ukiyaondoa majina, nusu ya barua ile ingeweza kutoka kwenye sanduku lenu la bati.

Sikuleti mfano huo ili kusema wote walikuwa sawa. Hawakuwa sawa, mmoja alinyongwa na mwingine alipewa medali. Ninachosema ni kwamba barua ya nyumbani hujibu maswali ya nyumbani. Kimya cha babu yako kuhusu msitu hakimhukumu wala hakimtoi. Kwa habari za msitu itabidi ugonge mlango mwingine.

Na hapa niseme jambo ambalo huenda hukulitarajia. Kati ya barua zote ulizonieleza, ile ya shilingi 15 siyo iliyonifanya nisimame. Ni ile ya Mei 1954.

"Sasa tuko mjini, kazi ni ya barabarani usiku na mchana." Kama mji huo ni Nairobi, na tarehe uliyoiandika ni sahihi, basi maneno hayo machache yanaangukia ndani ya Operesheni Anvil au mara tu baada yake. Alfajiri ya 24 Aprili 1954 Nairobi ilizingirwa. Watu wapatao 25,000 wa usalama, wanajeshi wa Uingereza, Keya, polisi na Homugadi, walifunga barabara na kupita mtaa kwa mtaa, wakiwatenga Wakikuyu, Waembu na Wameru kutoka kwa wengine. Walipangwa mistari, wakapitishwa mbele ya watoa habari waliofunikwa magunia kichwani yenye matundu ya macho. Gunia likitikisika, mtu amekwisha. Zaidi ya 20,000 walikamatwa na kupelekwa Lang'ata, kisha Mackinnon Road na Manyani.

Manyani, ndugu yangu. Ulilitaja jina hilo mwenyewe karibu na mwisho wa barua yako, kana kwamba ni habari ya pembeni.

Muulize mume wako baba yake alikamatwa lini na wapi. Kama ni Nairobi, Aprili au Mei 1954, basi kuna uwezekano wa kweli kwamba watu hawa wawili, ambao damu zao sasa zimekutana kwa watoto wako, walisimama kwenye barabara moja wiki moja, mmoja na bunduki na mwingine mikono kichwani. Si lazima walionana. Mji ulikuwa mkubwa na kordoni zilikuwa nyingi. Tena si kila kikosi cha Keya kilihusika, na shajara ya batalioni yake ndiyo itakayosema. Lakini kwa maoni yangu uwezekano huu una uzito kuliko ule wa shilingi 15, kwa sababu hauhitaji ofisa mmoja katili. Unahitaji tu babu yako awe alifanya kazi aliyotumwa, siku ya kawaida, hadharani, halafu jioni akaandika "kazi ni ya barabarani" na kuulizia paa. Umeuliza kama alikuwa muuaji. Sijui, na kwa barua hizi peke yake hutajua. Kwamba alikuwa sehemu ya jeshi lililowazingira watu wa mume wako, hilo barua zinalisema wazi tangu bahasha.

Wakati huohuo usimsomee babu yako historia ya leo kana kwamba aliijua. Vikosi vya Kenya viliandika Wakamba na watu wa Bonde la Ufa kwa wingi, na Wakikuyu walikwepwa. Serikali ilipanga hivyo makusudi. Mshahara wa Keya ulikuwa ndio karo ya mjomba wako, yule yule anayetaka kuzichoma barua leo. Na Wakamba hawakuwa upande mmoja tu: Paul Ngei alikuwa kizimbani Kapenguria pamoja na Kenyatta, na wafanyakazi Wakamba wa reli jijini Nairobi walishukiwa sana kula kiapo cha Mau Mau. Mjomba anapoogopa kuitwa mtoto wa msaliti, anaogopa hukumu nyepesi kuliko mambo yalivyokuwa.

Kuhusu kupanga barua kwa tarehe: zisizo na tarehe zitazame stempu. Stempu za kawaida za Kenya, Uganda na Tanganyika zenye sura ya Malkia Elizabeth zilitoka mwaka 1954, ukiacha ile moja ya kutawazwa kwake ya Juni 1953. Kwa hiyo bahasha yenye sura ya Malkia haiwezi kuwa ya 1952, hata kama mtu ameandika hivyo kwa penseli juu yake. Kinyume chake hakisaidii, maana stempu za Mfalme George zilibaki madukani na mifukoni. Mhuri wa posta ni bora zaidi ukisomeka. Ukishazipanga, angalia mapengo. Mwezi usio na barua mara nyingine husema zaidi ya mwezi wenye tatu, ingawa mara nyingine husema tu kwamba barua ililiwa na mchwa.

Lamineti, hapana. Hapa sina mjadala na binti yako. Ile mashine huyeyusha gundi kwa joto na kuisukuma ndani ya nyuzi za karatasi. Wino wa kalamu za zamani unaweza kuenea, karatasi yenye asidi hufungiwa na asidi yake, na hakuna fundi atakayeitoa plastiki ile bila kuichana barua. Selotepu vilevile: baada ya miaka hugeuka rangi ya kahawia na kuacha doa lisilotoka. Usizianike juani zikauke, wala usizipige pasi zinyooke, wala usitupie vidonge vya nondo ndani ya sanduku. Toa pini na klipu zenye kutu, taratibu. Kunjua barua, ziweke bapa ndani ya karatasi nyeupe safi au bahasha zisizo na asidi ukizipata, kisha ndani ya boksi gumu, juu kabatini, mbali na ukuta wa nje na bomba la maji. Lile sanduku la bati libaki kumbukumbu. Bati hutoa jasho usiku wa baridi. Ukiona wadudu hai, funga barua ndani ya mifuko miwili ya plastiki iliyobana na kuiweka kwenye friza wiki mbili, kama stima yenu ni ya kutegemewa, halafu iache ipate joto la chumba kabla hujaifungua.

Binti yako mpe kazi nyingine: kupiga picha. Karibu na dirisha, bila flashi, mbele na nyuma ya kila ukurasa, na bahasha pia pande zote mbili. Picha zihifadhiwe mahali pawili, si kwenye simu moja. Kisha anakili maneno yote kama yalivyo, na makosa yake, bila kusahihisha Kiswahili cha babu.

Kuhusu Facebook, nina wasiwasi, na si kwa sababu ya babu. Barua za miaka ile hutaja majina ya majirani: fulani amekula kiapo, fulani kachukuliwa na DC (mkuu wa wilaya), mke wa fulani ameondoka. Watu hao wana wajukuu wanaoishi mlima wa pili kutoka kwenu. Soma zote kwanza ukitafuta majina ya namna hiyo. Ya familia yenu ni yenu kuamua. Ya watu wengine si yenu.

Kuzichoma ni haki ya kisheria ya wenye mali, lakini ningemwomba mjomba asifanye. Moto hautafuta chochote kinachomtia hofu. Mafaili ya Uingereza yaliyofichwa Hanslope Park yalikwisha kufichuliwa mwaka 2011, na mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa zaidi ya waathiriwa 5,000 wa mateso. Taarifa za jeshi zipo na zitaendelea kusomwa. Kitakachoteketea ni upande mmoja tu: ule wa mbuzi, karo na paa, yaani ushahidi pekee kwamba askari huyo alikuwa na nyumba. Kama kuna la kumtetea babu, limo humo.

Ningependelea barua zenyewe zibaki kwenu na nakala ziende kwenye hifadhi ya umma. Nenda Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, Nairobi, lile jengo la zamani la benki. Beba picha, usibebe barua zenyewe siku ya kwanza. Waombe pia mafaili ya DC wa Machakos ya miaka hiyo, maana habari za askari, familia zao na fedha zao zilipitia huko. Mafaili ya kamandi ya jeshi la Afrika Mashariki yako kwenye hifadhi ya taifa huko Kew, London, Uingereza, chini ya alama WO 276, na yale yaliyotoka Hanslope chini ya FCO 141. Kama una ndugu London au mwanafunzi anayekwenda huko, mpe nambari ya batalioni na miezi miwili tu, Agosti 1953 na Mei 1954. Asiende kuvua bahari nzima. Kama medali itaonyesha kwamba alikuwa kikosi cha Tanganyika au Uganda, jambo lisilo la kawaida kwa mtu wa Machakos, basi utafutaji unahamia huko. Barua zilizoshikana kwa unyevu, zenye ukungu wa kijani au mweusi, au zinazovunjika ukizigusa, usizibandue mwenyewe. Ziache zilivyo na uulize mhifadhi akuelekeze ana kwa ana.

Limebaki la mume wako. Sioni sababu ya kumficha, lakini usianze na shilingi 15. Anza na barua ya Mei 1954, na uianze kwa swali kuhusu baba yake, si kwa maelezo kuhusu babu yako. Kama mzee wake bado yu hai, swali hilo lisiulizwe mezani mbele ya watoto. Waliopita Manyani wengine hawajawahi kuwasimulia hata wake zao, na mtu wa umri ule akianza kutetemeka au kukosa usingizi baada ya mazungumzo, mpelekeni kwa mshauri au daktari badala ya kuendelea kumhoji. Wewe pia, kama usiku wa kukosa usingizi utaendelea, tafuta wa kuzungumza naye ana kwa ana. Mimi naweza kusoma mhuri wa posta, lakini hilo siwezi kulitibu kwa barua.

Na kabla ya kwenda Nairobi, pita kwa mjomba umuulize jambo moja: barua zilipofika, ni nani aliyekuwa akimsomea nyanya? Kwa umri wake na kwa karo ile, sitashangaa akikuambia ni yeye.